Somo, nina miaka 48: niende nikapimwe usonji au niyaache?

Kwako Somo,

Barua hii nimeiandika mara nne nikaichana. Hii ya tano naituma usiku huu kabla sijaisoma tena.

Mimi ni mke na mama wa mabinti wawili, mzaliwa wa Mji wa Kale, Kibokoni, na hapo ndipo nakaa hadi leo. Kazi yangu ni ya makaratasi: naandaa hati za forodha katika kampuni ya kutoa mizigo bandarini, mwaka wa 22 sasa. Niulize nambari ya ushuru ya bidhaa yoyote nitakujibu bila kufungua kitabu. Mitumba ni 6309, mchele 1006, tende 0804.10. Wenzangu huniita "kompyuta". Wao hucheka na mimi hufurahi, lakini sijapata kujua kama tunafurahia kitu kimoja.

Mwaka jana mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu mkubwa, alitimiza miaka minne na maneno yake yote ni matatu. Tukampeleka hospitali, na baada ya miezi ya kwenda na kurudi tukaambiwa ana usonji, ile hali ambayo Kiingereza huitwa autism. Siku ile nilikuwa chumbani pamoja nao. Daktari akawa anauliza: hupanga vitu kwa mstari? Huziba masikio kukiwa na kelele? Chakula huchagua? Mkibadilisha njia ya kwenda mahali hulia? Kila binti yangu akijibu "ndiyo", mimi moyoni nilikuwa na "ndiyo" yangu. Tulipopanda tuktuk kurudi, akanitazama akasema, "Mama, umeyasikia yale maswali? Ni wewe yule."

Mamangu hadi leo husimulia nilivyokuwa nikipanga kauri barazani, kubwa mpaka ndogo, na mtu akizivuruga napiga mayowe hadi majirani wanatoka. Wali nilikula, samaki nilikula, lakini mchuzi usiguse wali. Watu wakasema mtoto huyu ana "watu", yaani mashetani. Nilipelekwa kusomewa mara tatu. Mara moja nikavushwa Likoni kwa mzee mmoja, nikafunikwa leso nikafukizwa. Ule moshi mpaka leo nausikia kooni. Baada ya hapo mayowe yaliisha. Si kwamba nilipona, ila nilijua nikipiga kelele nitarudishwa.

Nikawa mtoto wa kimya, na hapo sifa zikaanza. Ana haya, hainui macho, kalelewa. Hakuna aliyejua kwamba siinui macho kwa sababu macho ya watu yananichoma. Salamu naziweza, tena nazipenda, kwa sababu "sabalkheri" ina jibu lake na "umeamkaje" ina jibu lake. Linalonishinda ni lile linalokuja baada ya salamu. Nilipoanza kuvaa nikabu watu walidhani ni ucha Mungu, na kwa kiasi ni kweli, lakini nakwambia wewe peke yako: ilikuwa pia ni raha ya kutosomwa uso.

Harusi ndizo zinazonimaliza. Udi, manukato, spika, vigelegele, watu kunibusu. Kawaida hukimbilia jikoni nikaosha masufuria, na watu husifu bidii yangu. Mwezi wa Agosti, kwenye harusi ya mtoto wa wifi yangu, ukumbi haukuwa na jiko. Nilikaa saa moja, nikahisi kichwa kinapasuka, nikatoka bila kuaga. Mume wangu alikuwa nje na tuktuk, maana yeye huja kunisubiri tangu saa tatu hata nisipomwita. Wifi yangu hajasema nami tangu siku ile.

Kazini nako wamebomoa kuta, sasa sote tuko ukumbi mmoja na simu zote zinalia kwangu. Meneja anataka niwe msimamizi, nikutane na wateja. Mwezi uliopita nilijifungia chooni nikalia kwa sababu mtu alihamisha kalamu zangu. Usingizi sina, hedhi zimeanza kuruka, na kila kitu kimekuwa na sauti kubwa kuliko zamani.

Nimefanya ule mtihani wa maswali 50 ulioko mtandaoni, nikapata 37. Kliniki moja ya kibinafsi Nairobi hufanyia watu wazima tathmini, lakini gharama ni karibu mshahara wangu wa mwezi, bado nauli ya treni na pa kulala. Hapa Mombasa naogopa. Mtu wa kwetu akikuona umekaa foleni ya daktari wa akili, kabla hujafika nyumbani habari imeshafika.

Mume wangu nilipomwambia alinyamaza, kisha akasema, "Mungu amekusitiri miaka 48, wataka kujianika kwa nini?" Na binti yangu mdogo ana posa. Kwao kijana wakisikia mpwa ana usonji na mama naye anao, watasema nini? Kwa upande mwingine, mjukuu wangu huja kwangu kila Jumamosi, tunakaa chini tunapanga vifuniko vya soda, hatusemi neno, na ni saa mbili ninazozingoja wiki nzima.

Je, Somo, niende nikapimwe au niyaache?

Bi Kimya, Mombasa

—

Mwanangu Bi Kimya,

Barua yako nimeisoma jioni na kahawa chungu, kikombe kikapoa sijakigusa. Umefanya vyema kutoisoma mara ya pili.

Umeniuliza swali moja, lakini mimi naona ni matatu yaliyofungwa kitita kimoja. La kwanza, je, ni usonji kweli? La pili, nikatafute karatasi ya daktari yenye jina hilo? La tatu, nikiwa nayo nimwambie nani? Wewe ni mtu wa forodha, wajua kwamba shehena moja inaweza kuwa na bidhaa tatu na kila moja na ushuru wake. Hofu ya posa ni ya swali la tatu. Hofu ya foleni ni ya la pili. Ukiziacha zikujibie la kwanza, utabaki ulipo.

Kwanza huo mtihani. Ulitungwa na watafiti wa Cambridge, Uingereza, ukachapishwa mwaka 2001, na kwenye utafiti wao wengi wenye usonji walipata 32 kwenda juu. Kwa hiyo 37 yako si ya kupuuzwa. Lakini ule ni ungo wa kuchekecha. Hautoi hukumu, na ungo wenyewe ulisukwa kwa mchele wa kwao. Humo mtu huulizwa kama angependelea thieta au makumbusho. Mwanamke wa Kibokoni anayepita Fort Jesus kila siku akienda sokoni ajibu nini hapo? Nilicheka peke yangu. Huulizwa pia juu ya mazungumzo na wageni na karamu, kana kwamba karamu zote ni moja. Hakuna swali linalouliza kama huwa unaosha masufuria ili usikae ukumbini.

Hapo ndipo penye uzito, nami nataka tukae kidogo. Umesema walikusifu kwa haya. Kwingine mtoto asiyetazama watu usoni angeulizwa ana nini, lakini kwetu mtoto wa kike akiinamisha macho hupewa tende. Desturi zetu zilikupa pa kujificha: salamu zenye majibu yake, buibui, jiko la harusi, kimya kinachohesabiwa kuwa adabu. Sisemi ni vibaya, zimekubeba miaka 40. Ila mtu wa kukupima akiwa hazijui desturi hizi anaweza kukosea pande zote mbili. Anaweza kuona haya akaita usonji, au akaona usonji akauita haya. Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei, uliza: huyu amewahi kuwapima watu wazima? Wanawake? Anafahamu Kiswahili kiasi cha kunisikia nikisimulia, au nitatafsiri maisha yangu huku nikipimwa?

Jambo la pili umelipitisha haraka, kama mtu anayeficha mzigo chini ya kreti. Hedhi zinaruka, usingizi hakuna, na sauti zimekuwa kubwa kuliko zamani. Mwanangu, una miaka 48. Mwili unapobadilika umri huu, usingizi huharibika, moyo huenda mbio, na hata asiye na usonji hulia kwa sababu ya kalamu. Tezi ya shingoni nayo ikizidi au ikipungua huleta mambo yanayofanana na hayo. Na wanawake wengi wenye usonji husimulia kwamba ni wakati huu hasa ndipo yale waliyoyaficha miaka yote yalipowashinda kuyaficha. Yaweza kuwa moja, yaweza kuwa yote. Damu kupimwa tezi na mazungumzo na daktari wa wanawake havimfanyi mtu wa mtaani anyanyue nyusi, wala havifungi mlango wa usonji. Hiyo foleni unaweza kukaa hata kesho.

Sasa kauri. Nimeona ulivyoandika habari ya kufukizwa: sentensi fupi fupi, kama mtu anayetembea juu ya mwamba wa pwani bila viatu. Sitaki kukwambia kilichofanywa kilikuwa sawa. Mtoto aliogopa mpaka akanyamaza, na wewe mwenyewe umeona kwamba kunyamaza hakukuwa kupona. Lakini niruhusu nikuulize: ni nani mwaka 1981 au 1982 angekwambia neno "usonji"? Leo Kanner alieleza habari za watoto 11 huko Marekani mwaka 1943, na kwa miaka mingi madaktari walitazama zaidi watoto wa kiume, na wale wasiosema kabisa. Huko huko Marekani mama walilaumiwa na wataalamu kwamba ubaridi wao ndio uliowaharibu watoto. Mtoto wa kike anayesema, anayehifadhi, anayefaulu shule, hakuwa kwenye kitabu cha mtu yeyote. Ni mwaka 1981 ndipo Lorna Wing, daktari Mwingereza mwenye binti aliyekuwa na usonji, alipoandika makala iliyosaidia watu kuona kwamba usonji una sura nyingi, na hilo halikuingia vitabu vya madaktari mpaka miaka ya 1990. Mamako alikuwa na maneno aliyopewa: "watu", mashetani, kusomewa. Kama ungekuwa na mjukuu huyu wakati ule, ungempeleka wapi?

Ni swali la kweli, mwanangu, jibu lake silijui. Laweza kuwa Likoni vilevile.

Namtaja mamako kwa sababu nyingine pia. Usonji huanza utotoni, kwa hiyo anayempima mtu mzima hutaka kusikia kutoka kwa aliyemwona mdogo. Wengi wa umri wako hufika kwa daktari na hakuna wa kusimulia. Wewe unaye, na kauri zake anazikumbuka. Hilo ni jambo ambalo halitangoji, na ndilo pekee kwenye barua yako ninaloliona lina haraka. Lakini lina hatari yake. Ukimwuliza mama mzee "nilikuwaje?", atasikia "ulinifanya nini?" Huenda akalia, huenda akakasirika. Huenda pia akakwambia jambo usilolijua, kwamba na yeye alikuwa hivyo. Mambo haya hutembea kwenye damu, na umeniandikia habari za vizazi viwili tu.

Kuhusu kwenda na kutokwenda, nitakwambia ninachokiona bila kukuvuta mkono.

Ukienda, usitegemee dawa. Usonji hauna dawa na si ugonjwa wa kutibiwa. Daktari anaweza kukutibu hofu, huzuni au kukosa usingizi, lakini jinsi ulivyoumbwa itabaki. Huduma za watu wazima wenye usonji hapa kwetu ni chache, nyingi zimejengwa kwa ajili ya watoto. Utakachopata hasa ni jina na maelezo. Kwa wengine hilo ni kubwa mno, ni kama mtu aliyetembea na kiatu cha mguu usio wake miaka yote kisha akaambiwa. Lakini wapo ambao baada ya nafuu ya wiki mbili huja hasira, kisha msiba: wanamlilia yule mtoto chini ya leso. Jiandae na mtu wa kukaa nawe miezi hiyo. Na kuna uwezekano mwingine usioutaja: unaweza kutoka na jibu la "hapana" au "sina hakika". Utafanya nini nalo? Kama jibu hilo litakuvunja zaidi kuliko kutojua, ni vyema ulijue hilo kabla ya kulipa.

Kuhusu mahali, si lazima iwe Nairobi. Hospitali ya Coast General hapo Mombasa ina madaktari wa akili, na hospitali ya Port Reitz pia. Najua, najua, umeshasoma jina hilo ukaruka. Mtaani kwetu "Port Reitz" limekuwa tusi, na hilo ni aibu yetu sisi, wagonjwa wala madaktari hawana kosa. Hospitali za kibinafsi za mjini nazo wapo wanasaikolojia, na mlango wao hausemi umekwenda kwa nani. Muulize kwanza yule aliyempima mjukuu wako. Anakujua, ameshawaona nyote chumbani, na kumrudia kwa habari za mtoto hakuhitaji maelezo kwa mtu.

Ukipimwa, faili ni lako. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inahesabu habari za afya kuwa siri nyeti, na Sheria ya Ajira ya 2007 inamkataza mwajiri kumbagua mtu kwa ulemavu. Wapo pia wanaojisajili na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, na mtu akipata cheti cha msamaha wa kodi, Sh150,000 za kwanza za mshahara wa mwezi hazikatwi kodi ya mapato. Lakini jina la usonji peke yake halikupi cheti hicho. Kuna tathmini nyingine ya kiwango cha ulemavu, na ni lazima utake kuitwa mlemavu kwenye karatasi ya serikali. Wengine wanaona fahari, wengine hawataki kabisa. Nawe wajua kama mimi kwamba sheria ni kitu kimoja na midomo ya ofisini ni kitu kingine.

Usipokwenda, hujakosa kila kitu. Meza ya pembeni mwa ukumbi unaweza kuiomba bila kutaja jina lolote: "Nakosea nambari simu zikilia karibu yangu" ni kweli, na nambari moja ikikosewa kampuni inalipa faini, meneja atakuelewa upesi. Vizibo vya masikio chini ya mtandio havionekani. Usimamizi unaweza kuukataa, au kuukubali kwa upande wa hati tu na wateja akabaki nao mwingine. Na wifi yako, mpelekee sahani ya mahamri mwambie kichwa kilikuuma, kwa sababu kiliuma. Hatari ya kutokwenda ni kwamba utaendelea kujiuliza usiku, na kama ni tezi au huzuni itabaki bila kutazamwa.

Mume wako. Nimesoma mara mbili pale uliposema huja kukusubiri nje ya ukumbi tangu saa tatu hata usipomwita. Ameanza lini kufanya hivyo? Mtu huyu sidhani kama anakukatalia. Nahisi amejua siku nyingi, na akajipangia njia yake ya kukusitiri, sasa unapotaka kulitaja anaona kama sitara yake haikutosha. Pengine nimekosea, mimi simjui. Lakini badala ya kumwonyesha alama 37, mwulize anachokiona anapokuwa ameketi kwenye tuktuk ile.

Na posa. Sitakudanganya kwamba watu hawasemi. Wanasema. Kuna familia zitakazorudi nyuma. Ila habari za mpwa tayari zipo, na wewe kupimwa au kutopimwa hakuziondoi. Aliyeposwa ni mtu mzima, naye hujaniandikia anasema nini. Umeniandikia hofu za kila mtu isipokuwa maneno yake. Labda yeye ndiye wa kuulizwa kama angependa mambo haya yajulikane kabla ya nikaha, baada yake, au yasijulikane.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 mtu mmoja kati ya kila 127 duniani alikuwa na usonji. Wewe ni mtu wa hesabu, na sensa ya 2019 ilihesabu Mombasa watu zaidi ya milioni 1.2. Gawanya. Ni hesabu ya kidole tu, lakini utapata zaidi ya watu 9,000 kisiwani na ng'ambo zake. Watoto tunaanza kuwaona. Hao wakubwa sijui wamekaa wapi, ila sasa nikienda harusini nitachungulia jikoni.

Jumamosi zako na mjukuu usizibadilishe kwa sababu ya lolote nililosema. Daktari hana haja ya kujua habari za vifuniko vya soda ili viendelee kupangwa.

Ukienda kwa mamako, nenda asubuhi akiwa hajachoka, na anza na kauri. Mwulize zilitoka wapi na nani alizihifadhi. Leso na moshi viache mpaka avitaje mwenyewe, na asipovitaja siku hiyo, basi. Kisha niandikie, hata kama utakuwa umerudi bila kumwuliza.

Wako,
Somo